Betri Imeisha: Majasusi, Vichekesho na Banda la Anko

Februari 2024 tulienda watu wanne kuona Argylle kwenye mall moja hapa Nairobi. Kama hukuiona, usijilaumu sana. Ni muvi ya Matthew Vaughn, yule wa Kingsman, kuhusu mwandishi wa riwaya za kijasusi anayetembea na paka kwenye begi la mgongoni, mpaka anagundua kwamba majasusi wa kweli wanamsaka. Kuna mahali anafunga visu kwenye viatu vyake na kuteleza juu ya mafuta ghafi kama mchezaji wa barafuni, huku akimaliza wanaume wenye bunduki mmoja baada ya mwingine. Hapo jamaa wa safu ya nyuma akasema kwa sauti, "Sasa hizo ni Bata gani?" Ukumbi ulicheka kuliko ulivyokuwa umecheka tangu treila. Halafu dada mmoja wa mbele akageuka, akafanya "shhh", na jamaa akanyamaza mpaka taa zikawaka.

Ile "shhh" ndiyo niliyotoka nayo ukumbini, wala si muvi. Kwa sababu mimi nililelewa kwenye banda la video, na pale aliyenyamaza ndiye aliyeshukiwa kuwa na shida.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili, Meja Notcutt na Geoffrey Latham, walianzisha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa zilitoka Marekani, kwa shirika la Carnegie. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, kuhusu minyoo, malaria, chai, na hata faida za kuweka akiba benki ya posta. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingine, likifunga skrini jioni na kuwaonyesha watu waliokaa chini kwenye nyasi. Sauti ilitoka kwenye santuri, kwa lugha tofauti kulingana na mahali.

Baadaye, mwaka 1939, ikaja Colonial Film Unit, na bwana mmoja aliyeitwa William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa afisa wa afya Nigeria. Sellers alikuwa na imani moja kubwa: kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Ukikata picha haraka haraka, atachanganyikiwa. Ukimwonyesha kitu kwa karibu sana, atadhani kimekua. Kwa hiyo kila kitu kiende polepole, picha ndefu, bila ujanja wa kamera, na pembeni awepo mtu mwenye maikrofoni wa kuwaeleza wenyeji wanachokiona.

Huyo mtu mwenye maikrofoni namfikiria sana. Aliajiriwa aseme yale yaliyoandikwa kwenye karatasi: huyu ni mkulima hodari, yule ni mkulima mvivu, fuateni mfano wa hodari. Lakini maofisa wengi waliomsimamia hawakujua vizuri lugha aliyokuwa akisema. Usiku, mbele ya umati, na jenereta linanguruma, ni nani angemkagua kila neno? Mimi siamini hata kidogo kwamba hakuna aliyewahi kutia chumvi.

Wakoloni walihofia pia kile Mwafrika angekiona mjini. Kulikuwa na filamu ambazo Mzungu aliruhusiwa kuziona na Mwafrika hapana, hasa zile ambazo ndani yake Mzungu anapigwa au anaaibishwa. Uhuru ulipokuja, ile sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, sura ya 222, ikabaki na mkasi wake. Januari 2014 bodi ya filamu ilipopiga marufuku The Wolf of Wall Street, kila mtu niliyemjua ambaye hakuwa na mpango wa kuiona, alipata mpango.

Majasusi walifika kwetu kwa njia mbili. Bond alikuja na Dr. No ya 1962, na waliovaa suti walitaka kukunja mikono ya shati kama yeye. Wahindi nao hawakukaa nyuma. Farz ya 1967 ilikuwa na Jeetendra kama Ajenti 116, jasusi anayepigana, anaimba, anacheza, kisha anarudi kupigana. Ukiniuliza, huo ndio ujasusi wenye akili, kwa sababu unakubali tangu mwanzo kwamba mambo haya ni mzaha. Siku hizo Nairobi ilikuwa na kumbi kila upande: Odeon, Cameo, Embassy, Kenya Cinema, Shan pale Ngara, na Globe, ambayo imebaki jina la raundabauti tu. Shan leo ni Sarakasi Dome. Nyingine zikawa makanisa au maduka. Mkanda wa video ndio uliozimaliza, na mkanda huohuo ndio uliotuzaa sisi.

Banda la anko lilikuwa Eastlands, mabati pande tatu na ukuta wa nyumba ya mtu upande wa nne. Mabenchi sita. Dirisha moja lililozibwa na gunia. Mwanzoni alikuwa na Great Wall ya inchi 14, ile ya kupigwa kofi picha ikiruka, halafu akapata ya rangi. Kiingilio shilingi tano kwa mtoto, kumi kwa mtu mzima, na ubaoni nje aliandika kwa chaki jina la muvi, mara nyingi kimakosa. Jackie Chan alikuwa mfalme. Who Am I? ya 1998 tuliiona mpaka mkanda ukaanza kukwaruza: komando amepoteza kumbukumbu, anaokotwa na Waafrika fulani wa kubuni, kisha anaishia kuteleza juu ya ukuta wa jengo refu kule Rotterdam. Wale Waafrika tuliwacheka kweli kweli, jinsi walivyopakwa rangi na kupewa ngoma. Hatukuona kwamba ni sisi. Tulijiona tuko upande wa Jackie, ambaye naye hakuwa anaelewa watu wanasema nini.

Sellers angekuwa hai angepaswa kuketi benchi la tatu. Watoto wa darasa la pili, Kikantoni hatujui, maandishi ya chini yanapita kabla hujasoma, picha inakatwa kila sekunde mbili, na bado hakuna aliyepotea. Ukipotea unauliza, na watu watano wanakujibu kwa pamoja, kila mmoja na jibu lake.

Katika miaka ya 2000 ndipo DJ Afro akaingia. Nadhani hakuna kijana wa mtaa anayehitaji kuelezwa. Anachukua muvi ya Hong Kong, ya Kihindi au ya Hollywood, anapunguza sauti yake, na kuisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng. Wahusika wanapata majina ya kwetu, jenerali anakuwa kama chifu wa lokesheni, adui anakimbia kama mtu aliyekwepa kanjo. DVD zake ziliuzwa barabarani, zikachezwa kwenye vinyozi na mabasi ya safari ndefu. Hakuna aliyemlipa Jackie Chan, hilo tuliseme wazi. Na hakuwa peke yake. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana ma-VJ, na kule Wakaliga, Kampala, ile Who Killed Captain Alex? ya 2010 ilipata umaarufu duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akiwacheka makomando wake mwenyewe. Uganda wanasema VJ ni kifupi cha "video joker". Yule mtu wa maikrofoni wa mwaka 1939 alipata watoto wengi, na wote walitupa karatasi.

Kabla ya DVD za DJ Afro kumfikia, anko alisimulia mwenyewe. Na alisimulia kwa sababu ya mtu mmoja, tuliyemwita Karani.

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa. Karani alikuwa ofisini, ghorofa ya juu, karibu na ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue na Haile Selassie. Kama saa nne na nusu asubuhi ulisikika mlipuko mdogo. Watu wa majengo ya karibu wakafanya vile mtu yeyote angefanya: wakaenda dirishani kutazama. Kisha bomu lenyewe likalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku hiyo, na maelfu wakaumia, wengi wakiumizwa na vioo. Karani alikuwa mmoja wa wale waliokuwa dirishani. Alirudi mtaani miezi kadhaa baadaye na miwani nyeusi, akishikwa mkono na binti yake.

Alikuwa mteja wa banda kabla, na siku moja akarudi, akalipa kumi yake, akaketi benchi la mwisho. Anko hakujua afanye nini. Akakataa pesa, Karani akakasirika, anko akapokea. Muvi ikaanza. Baada ya dakika chache anko akasimama kando ya TV akaanza kusema: sasa anaruka ukuta, sasa amemshika shati, ah, ameanguka kwenye ndoo. Tulidhani anatuharibia muvi. Ndani ya wiki mbili watu walikuja kwa sababu ya anko, na ukimsikia Karani anacheka nyuma ulijua ile ndoo ilisimuliwa vizuri.

Sikumbuki mwaka kamili tulipopata mkanda wa True Lies, lakini ni baada ya Septemba 2001. Ni muvi ya 1994, ya James Cameron. Arnold Schwarzenegger ni jasusi ambaye mkewe anadhani anauza kompyuta. Ni kichekesho kilichonakiliwa kutoka kwa Wafaransa, kisha kikatiwa mabomu ya nyuklia na ndege za kivita. Magaidi ni Waarabu, kiongozi wao anaitwa Salim Abu Aziz, na hakuna Mwarabu hata mmoja mle ndani mwenye nafasi ya maana ambaye ni mtu wa kawaida, ukimtoa mmoja wa upande wa majasusi ambaye hasemi sana. Mashirika ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu yalilalamika muvi ilipotoka. Sisi hatukujua hayo.

Kuna kipande ambacho Aziz anarekodi vitisho mbele ya kamera, macho yamemtoka, Marekani itaona cha mtema kuni, na jamaa anayeshika kamera anatetemeka kwa sababu betri inaisha na anaogopa kumwambia. Anko alikisimulia. Banda likacheka, halafu likanyamaza ghafla, kwa sababu sote tulimkumbuka aliyeketi nyuma.

Karani akasema, "Rudisha."

Anko akarudisha mkanda.

"Imeisha kabisa? Betri?"

"Imeisha kabisa, ndugu yangu."

"Rudisha tena."

Mara tatu. Ya tatu alicheka mpaka akavua miwani kujipangusa, na ndiyo mara ya kwanza tuliona macho yake. Nilikuwa mtoto na niliogopa. Leo nikifikiria, sidhani alikuwa anacheka sinema. Alikuwa anacheka ile nafasi ndogo, kwamba siku moja mahali fulani mtu kama huyo angeweza kuishiwa na betri.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna rafiki yangu. Tulisoma darasa moja, familia yao iliuza mahamri karibu na msikiti, na alikuwa Mwislamu pekee kwenye benchi letu. Kesho yake shuleni akawa Aziz. Mimi ndiye niliyeanza, nilimwita hivyo kwenye foleni ya uji, na wengine wakachukua. Alicheka siku mbili. Siku ya tatu hakucheka. Jumamosi hakuja bandani, wala Jumamosi iliyofuata. Anko aliuliza yuko wapi na mimi nikasema sijui.

Alijua tu, mtaa ni mdogo. Watu walipoomba True Lies tena, aliicheza, lakini Aziz hakuwepo. Kwenye kinywa cha anko, yule mtu alikuwa keateka wa ploti, ameteka mji mzima akidai kodi ya miezi mitatu na pesa za maji. Kamera ilikuwa ya kuwarekodi wapangaji sugu. Alipofungwa kwenye kombora la ndege na kurushwa katikati ya jengo, akina mama waliokuwa wamesimama mlangoni walipiga vigelegele, na keateka wa kweli, aliyekuwa ndani kwa bure, alitoka kabla ya mwisho. Karani alilalamika kidogo. Alitaka betri yake. Anko akamwekea betri: keateka naye aliishiwa, kwa sababu alikuwa amekata stima ya ploti.

Rafiki yangu alisikia habari, akaja mara moja, akaketi karibu na mlango. Sikumwomba msamaha. Mwaka uliofuata walihamia Mombasa.

Baada ya Argylle nilimpigia anko, siku hizi yuko shambani. Nikamweleza habari ya paka na visu na mafuta. Akauliza paka alikufa? Nikasema la. Akauliza tiketi ni ngapi, nikamwambia, akanyamaza muda mrefu akipiga hesabu za mabenchi sita.

"Na mlikuwa mmekaa tu," akasema, "kimya?"