Kariakoo na Askofu wa Wapagazi



Jina la Kariakoo twalitamka kila siku tuendapo kununua mchele, vitenge au vipuri, nasi twasahau kuwa ni jina la kijeshi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, mahali hapo waliwakusanya wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikakiita Kariakoo. Watu hao hawakushika bunduki. Walibeba unga, risasi na majeruhi, wakafa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki yote, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja nao pia. Lakini sanamu yenyewe ni ya askari.

Na dini ilikuwa upande gani? Sisi Wakatoliki tusijifiche. Wabenediktini wa Kijerumani, waliofika Pugu mwaka 1888, waliondolewa baada ya vita kwa sababu ya utaifa wao, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi. Waamini wa Mtakatifu Yosefu walibadilishiwa mapadri kwa kuwa bendera ilibadilika.

Upande wa Waanglikana alikuwapo Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908. Mwaka 1916 alikusanya wapagazi wa Zanzibar, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu bara. Kisha akamwandikia Jenerali Smuts barua ya wazi, akiushitaki utawala wa Kijerumani kwa viboko na kazi za shuruti. Mashitaka hayo yalikuwa na ukweli mwingi. Hata hivyo yaliifaa sana London, iliyotaka Wajerumani wasirudishiwe koloni lao. Nabii anayeshangiliwa na serikali yake mwenyewe hupaswa kusikilizwa kwa tahadhari, nami ningeishia hapo kama Weston angeishia hapo.

Hakuishia. Mwezi Oktoba 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu "kuwahimiza" Waafrika wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Kila aliyewahi kuhimizwa na chifu alijua maana ya neno hilo. Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na kiongozi wa misioni ya Waskoti, waliulalamikia waraka huo, lakini wakaridhia kazi ya shuruti iwapo ingewekewa sheria na masharti. Weston alikataa katakata. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu akiishitaki Uingereza kwa kosa lile lile alilowashitakia Wajerumani, na safari hii makofi yalikuwa machache. Wengine nao walipiga kelele kule Uingereza, na mwaka 1921 serikali ya London ikawakataza maofisa kuwaandikia walowezi vibarua.

Naona uzito wake uko katika kijitabu hicho cha pili. Kuzitaja dhambi za dola iliyoshindwa ni rahisi. Mwenzetu huyu alizitaja za dola iliyompa cheo, ilhali maaskofu wenzake walitafuta masharti nafuu.

Weston alifariki mwaka 1924. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa vitani haikuwafikia jamaa zao kamwe.