Nasaha Fupi kwa Majeruhi Wanywaji: Hoja kutoka Ekerenyo

Wagusii walikuwa na wapasuaji wao wa vichwa kabla hospitali hazijafika kwao. Mtu aliyepigwa rungu au aliyeanguka, akabaki na maumivu yasiyoisha, alipelekwa kwa omobari. Huyo alipasua ngozi ya kichwa, akakwangua mfupa ulioharibika, akafunga jeraha. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, ni miongoni mwa walioandika juu ya ufundi huo. Kazi ya omobari iliishia kwenye jeraha. Mgonjwa aliumiaje, na kama ataumia tena, hilo lilikuwa jambo la ukoo na wazee.

Hospitali imerithi mpaka huo. Ekerenyo ni soko la Nyamira Kaskazini, kwenye milima ya chai na ndizi, ambako bodaboda hupanda na kushuka miteremko mchana na usiku. Anayevunjika paja huko huweza kulala kitandani kwa wiki kadhaa, mguu ukivutwa kwa uzito. Kila siku atapimwa joto, atabadilishiwa bandeji na kupewa dawa. Makala hii inadai kwamba katika wiki hizo kuna dakika 20 zinazopaswa kutumika kumuuliza kuhusu pombe, na kwamba anayefaa kuuliza ni muuguzi anayemhudumia.

Mfano wa karibu uko Moshi, Tanzania. Katika hospitali ya KCMC, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke waligundua kwamba takriban 30% ya majeruhi waliopimwa walipofika walikuwa na pombe mwilini. Kutokana na hali hiyo walibuni mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi huzungumza na majeruhi mara moja tu, na baadaye mgonjwa anaweza kutumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kumkumbusha.

Mazungumzo yenyewe yana hatua nne. Muuguzi huomba ruhusa ya kuligusa suala la pombe, kisha humweleza mgonjwa uhusiano kati ya unywaji wake na jeraha lake. Hatua ya tatu ni kumwomba ataje, kati ya 1 na 10, yuko tayari kiasi gani kubadilika. Akijibu 4, haulizwi kwa nini si 9. Huulizwa kwa nini si 1. Kwa kujibu swali hilo, mgonjwa hutoa sababu zake mwenyewe za kubadilika. Mwishowe wawili hao hukubaliana lengo dogo linalotekelezeka.

Ushahidi wa zamani unatia moyo, ila una mipaka. Mwaka 1999 Larry Gentilello na wenzake walichapisha utafiti wa majeruhi 762 wa Seattle, Marekani. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa nasaha walikuwa wamepunguza vipimo karibu 22 vya pombe kwa wiki, na wasiopewa karibu 7. Nafuu kubwa ilionekana kwa wenye tatizo dogo na la wastani. Nasaha fupi basi si tiba ya uraibu. Mgonjwa anayeanza kutetemeka au kupata degedege siku mbili baada ya kulazwa anahitaji dawa na uangalizi wa karibu, na kumfanyia mazungumzo wakati huo ni kupoteza muda wa hatari. Ikumbukwe pia kwamba hata wasiopewa nasaha walipunguza. Ajali yenyewe humshtua mtu, na kazi ya muuguzi ni kuuwahi mshtuko huo kabla haujapoa.

Kenya haianzi na ukurasa mtupu. Ni moja ya nchi sita zilizotumiwa na Shirika la Afya Duniani kutunga dodoso la AUDIT, lenye maswali 10 na alama kutoka 0 hadi 40. Kuanzia alama 8 unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari. Ugumu uko kwenye kipimo. Kwa shirika hilo, kipimo kimoja ni gramu 10 za pombe halisi, hivyo chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya 5% ni vipimo viwili. Je, glasi ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji ambayo nguvu yake hubadilika kwa kila mpishi? Na busaa inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja? Maswali hayo yanahitaji kuulizwa kwa Ekegusii, na kwa vyombo ambavyo watu hunywea kweli.

Wapo watakaosema wauguzi ni wachache. Ni kweli, lakini kizuizi kikubwa zaidi ni woga. Katika eneo ambako Kanisa la Waadventista limeota mizizi kwa zaidi ya karne moja, pombe ni dhambi kabla ya kuwa suala la afya. Kwa chifu na polisi ni kosa la kuvamiwa usiku. Aliyekatwa panga katika ugomvi anasubiri pia fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, na hawezi kukiri kwamba alikuwa amelewa iwapo anaamini maneno yake yatamfuata mahakamani. Kitanda cha pili kina jirani yake, na shemeji ameketi hapo na chakula.

Kwa hiyo mpango wa Ekerenyo ungehitaji mambo matatu ya awali: mahali pa faragha, hata kama ni pazia na muda ambao wageni hawapo, majibu ya pombe yaandikwe kando na maelezo ya P3, na wauguzi wafunzwe kuuliza bila kuhubiri. Mgonjwa anapotoka hospitalini, akiridhia, lengo lake likabidhiwe mhamasishaji wa afya wa kijiji, mmoja wa zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023. Huyo anaweza kumtembelea wiki ambayo plasta inatolewa, kwa kuwa ndiyo wiki mguu unapopata nguvu ya kufika tena kwa mpishi wa chang'aa.