Periplo

Kwa Kigiriki, "periplous" ni kusafiri baharini kwa kuambaa pwani. Neno hilo likawa pia jina la kitabu cha manahodha. Kimoja cha karne ya 1 kinaitaja Rhapta, soko la pembe za ndovu katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Mshairi Ezra Pound alilipenda neno hili. Kwake lilikuwa pwani kama baharia aionavyo akiwa chomboni, si kama ramani iichoravyo. Shairi lake Canto XL, lililochapishwa mwaka 1934, linaishia na baharia wa kale Hanno wa Carthage akishuka kando ya Afrika Magharibi.

Lakini, kwa masimulizi ya safari yake, Hanno alipewa merikebu 60 akaanzishe makoloni, na alirudi na ngozi za wanawake watatu waliouawa. Na mwaka mmoja baada ya shairi hilo, 1935, Mussolini, mtawala wa Italia ambaye Pound alimsifu, aliivamia Ethiopia.