Kigando cha Figo, Wala Si Jiwe

Istilahi "mawe kwenye figo", iliyoenea katika vipindi vya afya na vipeperushi vinavyosomwa jijini Nairobi, ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kisarufi, kwani "kwenye" hueleza mahali kitu kilipo wala haliundi jina la maradhi. Ya pili ni nzito zaidi: jiwe, katika fikra za msemaji wa Kiswahili, ni kitu kilichokuwapo tayari, kinachookotwa, kuchimbwa au kumezwa kwa bahati mbaya, ilhali kinachokusudiwa hapa huumbika ndani ya mkojo wenyewe pale chumvichumvi zake zinapozidi maji yaliyopo.

Si ajabu, basi, kwamba kuanzia Marikiti hadi soko la Kangemi maradhi haya husingiziwa mchanga wa sukuma wiki isiyooshwa vyema, mbegu za mapera, au maji ya chumvi ya visima virefu yanayosambazwa kwa maboza Lavington na Karen mifereji inapokauka. Mchanga na mbegu hutoka na choo bila kuifikia figo, na maji ya visima vya Nairobi yanajulikana kwa floridi inayotia meno rangi ya kahawia, ambayo ni kesi nyingine kabisa.

Imani yenye madhara ni ile ya maziwa. Kwa kuwa vigando vingi ni vya kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, asidi ya mimea iliyojaa katika spinachi, njugu karanga na majani ya chai, na ambayo fuwele zake ndizo huwasha ulimi kwa nduma isiyoiva, watu hukata kauli kwamba atakayeepuka maziwa atapona. Kumbe kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti ndani ya utumbo kabla haijaingia damuni, hivyo chai ya maziwa ina hatia ndogo kuliko strungi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 waliokwisha kuugua: kati ya 60 waliopunguziwa kalsiamu, 23 walirudiwa na maradhi, ilhali kati ya 60 walioachiwa kalsiamu ya kawaida na kupunguziwa nyama na chumvi walirudiwa 12 tu. Wapenzi wa nyama choma wamepata jibu lao.

Zipo kamati ambazo, badala ya kuliona kosa la neno "jiwe", zimelipunguza umbo na kutoa "vijiwe vya figo", kana kwamba kosa dogo si kosa. Kijiwe ni barazani pa wapiga soga. Isitoshe, mzizi wa jiwe ni "-we", nayo "ji-" hung'ang'ania humo kwa sababu mzizi ni wa silabi moja, kama katika jino na jicho. Umbo tupu "kiwe" lilikwisha kuchukuliwa na chunusi za uso. Atatokea pia mjuzi wa kushangilia kwamba figo na figa, jiwe la mekoni, hutofautiana kwa irabu moja, na kwamba Kikuyu, ambacho huweka "h" mahali pa "f" hiyo, kina "higo" kwa figo na "ihiga" kwa jiwe. Ulinganifu huo unapendeza masikio lakini hauthibitishi lolote kuhusu maradhi.

"Kigando" hutokana na kitenzi "ganda", kinachosemwa kwa damu, mafuta na maziwa, yaani kimiminiko kinachogeuka kigumu papo hapo kilipo. Kiambishi "ki-" na kiishio "-o" hutaja tokeo, kama kipigo kutokana na piga. Wapinzani, ambao hawajatoa lililo bora, hudai kwamba neno hili litachanganywa na gando la kaa. Aliyewahi kushikwa na uchungu wa maradhi haya hataona kasoro hapo.

Kimatumizi, husemwa "ana vigando vya figo" na "kigando kimekwama katika mrija wa mkojo", na mgonjwa huambiwa anywe maji hadi mkojo wake ufike takribani lita 2.5 kwa siku. "Mawe kwenye figo" ni maelezo, si istilahi. Yaachiwe foleni ya zahanati, na wahariri wa vitabu vya shule wayafute.