Namba na Chuma: Kutu ya Fremu na Usalama wa Springi katika Historia ya Land Rover, 1948–2016

Namba ya utambulisho ya Land Rover nyingi za toleo la pili na la tatu imegongwa kwenye fremu, upande wa kulia mbele, karibu kabisa na kishikizo cha springi. Ndiyo namba inayoandikwa katika kadi ya gari, na ndiyo inayotafutwa gari linapouzwa, linapoibwa au linapovuka mpaka. Kwa miongo kadhaa, basi, askari, wakala wa bima na mnunuzi wameinama mbele ya sehemu ileile ambayo uzima wake huamua kama ekseli ya mbele itabaki mahali pake. Wameisoma namba na kuondoka. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hatari ya magari haya makuukuu haielezwi na umri wao pekee. Chanzo chake ni uamuzi wa kiuhandisi wa miaka ya 1947 na 1948, ambao ulilipa gari moja maumri mawili: bodi isiyozeeka na fremu inayozeeka kwa siri.

Uamuzi huo ulizaliwa na uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuma nchini Uingereza kiligawiwa kwa kibali, na kampuni zenye kuuza nje ndizo zilizopewa kipaumbele. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa akitumia Jeep ya Willys iliyobaki vitani katika shamba lake la Anglesey, na kutokana nayo akapata wazo la gari la mkulima. Bodi ilitengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesi, iliyopatikana kwa urahisi zaidi kuliko bati la chuma na iliyoweza kukunjwa bila mitambo ghali. Gari lilizinduliwa katika maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wenye kampuni walilichukulia kuwa la kuvukia kipindi kigumu tu; kwamba lingetengenezwa hadi Januari 2016 halikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Fremu haikuweza kuwa ya alumini, lakini nayo ilibeba alama za uhaba huohuo. Kwa kuwa mashine kubwa za kukandamiza chuma zilikuwa ghali, mafundi wa Solihull walichukua vipande vinne vya bati la chuma lenye unene wa takriban milimita 2, wakavichomelea kwenye kingo hadi vikawa sanduku refu lenye uwazi ndani. Umbo hilo ni imara sana dhidi ya kujipinda, jambo linalohitajika kwa gari la porini. Kasoro yake iko ndani. Maji na tope huingia kupitia matundu, hutuama, na kula chuma kuanzia upande ambao brashi ya rangi haifiki. Magari ya majaribio ya mwanzo yalipewa fremu zilizozamishwa katika zinki, kinga ambayo ingefika hadi ndani ya sanduku. Uzalishaji wa kawaida ulipoanza, fremu zikapakwa rangi tu. Ni vigumu kuutazama uamuzi huo mdogo wa gharama bila kuona kwamba ndio uliopanga kazi ya gereji nyingi kwa nusu karne iliyofuata.

Mara nyingi husemwa kwamba mgusano wa alumini na chuma ndio uliooza fremu. Kauli hiyo inageuza mambo. Metali hizo mbili zinapogusana penye maji ya chumvi, inayoliwa kwanza ni alumini, na unga mweupe unaoonekana kuzunguka bolti za milango ni ushahidi wa hilo. Madhara ya alumini kwa fremu ni ya namna nyingine: huificha. Gari la bati la chuma huanza kutoboka milangoni na kwenye madimbwi ya matairi, na mwenye nalo huanza kuwa na shaka. Bodi ya Land Rover hubonyea, huchubuka, lakini haitoi onyo kama hilo.

Onyo hilo lilihitajika zaidi kwa sababu ya springi. Matoleo matatu ya kwanza yalitumia springi za mabapa, nazo zilifanya kazi mbili kwa pamoja: kubeba uzito na kushikilia ekseli isisogee mbele wala nyuma. Hapakuwa na mkono mwingine wa kuisaidia. Kishikizo cha springi kikikatika, ekseli hupinda upande mmoja na usukani hukosa utii papo hapo. Mwaka 1983 lilipokuja toleo la One Ten lenye springi za mzunguko, kazi ya kushikilia ekseli ilihamia kwenye mikono maalumu, lakini mikono hiyo nayo ilifungwa kwenye fremu ileile ya sanduku. Shokomzoba mpya na bushi mpya zinaweza kununuliwa na kufungwa kwa siku moja; zinachofungwa nacho ndicho chenye mashaka.

Hapa ndipo historia ya Uingereza na ya Afrika Mashariki zinapoachana. Kule adui ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na sehemu ya kwanza kuoza huwa boriti ya nyuma ya fremu. Katika nyanda kavu za Arusha, Longido na Narok, chuma hudumu. Oktoba 2024 wamiliki walipokusanya Land Rover zao Arusha kwa tamasha, mengi kati ya magari yaliyopita barabarani yangekuwa yamekatwa chuma chakavu zamani kama yangeishi Birmingham. Lakini ukavu haukuleta usalama kamili. Barabara za vumbi zenye mawimbi hutikisa kishikizo cha springi maelfu ya mara kwa safari moja, na chuma huchoka, hupata ufa kwenye mshono wa kuchomelea. Kwenye pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga na Unguja, hewa ya chumvi huufuata ufa huo. Kutu huupunguza unene wa bati, mtikiso huupanua ufa, na kila kimoja huharakisha kingine. Gari lililotumika miaka kumi pwani kisha likauzwa bara hubeba ndani ya sanduku lake historia ambayo mnunuzi wa bara hana mazoea ya kuitafuta.

Aliyebeba mzigo wa hatari hii ni fundi wa kuchomelea. Kazi yake imekuwa ikidharauliwa katika maandishi ya usalama barabarani, na si haki. Bila yeye, vijiji vingi visingefikiwa na mganga wala mwalimu. Hata hivyo kiraka cha bati juu ya bati lililooza huacha mfuko mpya wa unyevu, na moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani. Kiraka cha tatu mara nyingi hushikilia cha pili, si fremu. Kwa mtafiti, tabaka hizo ni hati: zinaonyesha gari lilivunjika wapi, lini kwa kulinganisha, na kwa uwezo gani wa fedha lilirudishwa kazini.

Nchi nyingine ziliuweka mzigo huo mahali pengine. Ukaguzi wa MOT, ulioanza Uingereza mwaka 1960, ulikuja kumtaka mkaguzi agongegonge chuma na kukataa gari lenye kutu iliyokula chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali springi, usukani au mkanda wa kiti unapofungwa. Nchini Marekani suala lilifika kwa mtengenezaji. Mwaka 2009 Toyota iliita takriban pickup 110,000 aina ya Tundra za 2000 hadi 2003, kwa kuwa boriti ya nyuma ya fremu ingeweza kuoza na kuangusha tairi la akiba au kuharibu mabomba ya breki. Mwaka 2016 kampuni hiyo, bila kukiri kosa, ikakubali suluhu ya kukagua na kubadilisha fremu zilizooza katika magari yanayofikia milioni 1.5. Mmiliki wa Land Rover ya mwaka 1975 pale Monduli hana wa kumshtaki, na hata Uingereza yenyewe, tangu Mei 2018, magari mengi yaliyotimiza miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka.

Tiba ya kweli inajulikana: fremu mpya iliyozamishwa katika zinki, ambayo watengenezaji binafsi wa Uingereza wanaiuza hadi leo. Mbali na bei na ushuru, kikwazo ni ile namba. Kisheria gari ndilo fremu yake. Kubadili fremu ni kuizua upya hoja ya umiliki mbele ya mamlaka ya usajili, na kuhamisha kipande chenye namba hutazamwa kama kughushi. Kwa hiyo mmiliki mwaminifu huchagua kiraka. Kipande cha chuma chenye namba hubaki kama kilivyotoka Solihull, kimesafishwa ili kisomeke, huku vyote vinavyokizunguka vikiwa vimechomelewa mara nyingi.