Kitanda cha Mtoto Mchanga: Kutoka Hukumu ya Solomoni hadi Rungwa



Dominika iliyopita, baada ya Misa, kijana mmoja wa hapa Rungwa ambaye mkewe anakaribia kujifungua alitungoja nje ya kanisa akiwa ameshika uzi wenye mafundo mawili. Uzi huo ulikuwa kipimo cha nafasi iliyopo kati ya kitanda chao na ukuta. Fundi seremala alikuwa amebakiza mbao chache za mninga, naye kijana alitaka kumchongea mwanawe kitanda kabla hajazaliwa. Kikwazo kilikuwa nyumbani. Mama mkwe wake amekwisha kutamka kwamba mtoto wa siku mbili halazwi peke yake kama mzigo. Muuguzi wa kliniki naye amesema mtoto asilazwe katikati ya watu wazima wawili. "Padre, nimsikilize nani?"

Tulimjibu kwa ufupi kwamba wote wawili wana haki, na ya kwamba tungeeleza zaidi katika tafakari ya juma hili. Swali lake si dogo, wala si jipya. Lina historia ndefu, na katika historia hiyo Kanisa lenyewe limo, mahali pengine kwa sifa na mahali pengine kwa aibu.

Tuanze na ukurasa tunaoujua sote. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, wanawake wawili wanasimama mbele ya Mfalme Solomoni wakigombea mtoto aliye hai. Tumeihubiri habari hiyo mara nyingi, na kila mara tumekimbilia upanga na hekima ya mfalme. Ni nadra kwetu kusimama kwenye usiku uliotangulia. Wanawake wawili, nyumba moja, watoto wachanga wawili, hakuna mtu mwingine. Mmoja wao anaamka na kukuta mwanawe amekufa, na Maandiko yanataja sababu kwa maneno machache tu: mama alimlalia. Uongo alioufanya baadaye ni dhambi, hatubishi. Lakini kabla ya kuwa mwongo alikuwa mama aliyechoka, aliyelala usingizi mzito kando ya mwanawe.

Msiba huo ulizifuata nyumba za wakristo karne baada ya karne. Vitabu vya kitubio vilivyotumiwa na mapadre wa Ulaya katika Zama za Kati viliweka adhabu kwa wazazi waliokutwa na mtoto aliyekufa kitandani mwao: kufunga kwa miaka, kula mkate na maji, kutokaribia Meza ya Bwana. Na palikuwa na makali kuliko hayo. Mwishoni mwa karne ya 9, Askofu Mkuu wa Mainz, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, alimwandikia Baba Mtakatifu Stefano wa Tano, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 885 hadi 891, akiuliza jambo linalotisha. Watoto wanakutwa wamekufa katika kitanda kimoja na wazazi wao. Je, wazazi hao wathibitishe kwamba hawakuwalalia kwa kushika chuma cha moto au kutia mkono katika maji yanayochemka?

Jibu la Papa limehifadhiwa, na mnamo mwaka 1140 mwanasheria Gratiano aliliingiza katika mkusanyo wake maarufu wa sheria za Kanisa. Papa alikataa. Sheria takatifu, alisema kwa maana, haziruhusu kumtoa mtu ungamo kwa chuma na maji ya moto. Lakini katika barua hiyohiyo aliongeza shauri ambalo muuguzi wetu wa kliniki angelitia sahihi leo: wazazi waonywe wasiwalaze watoto wachanga namna hiyo katika kitanda kimoja nao, wasije wakabanwa au kukosa pumzi. Tunakiri kwamba tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza tulishangaa. Hatukutarajia kumkuta Papa wa karne ya 9 akizungumzia kitanda cha mtoto.

Hata hivyo shauri hilo lilikuwa na upungufu mmoja. Liliwaambia wazazi wasifanye nini, bila kuwapa kitu cha kufanyia. Katika chumba chenye kitanda kimoja, majira ya baridi, na mtoto anayenyonya mara nne au tano usiku, mama angemweka wapi?

Jibu la kwanza lenye mbao na misumari tunalolifahamu vizuri lilitoka Firenze, mji wa Italia ambako Hospitali ya Innocenti ilianza kupokea watoto waliotupwa mwaka 1445. Watoto wa namna hiyo waligawiwa kwa wanyonyeshaji wa kulipwa, na kifo cha kulaliwa kilikuwa hofu ya kila siku. Mwaka 1732 jarida la Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London lilichapisha barua iliyoeleza kifaa kilichotumika mjini humo, kiitwacho arcuccio, yaani tao dogo. Kilikuwa kiunzi cha mbao chenye urefu wa takriban mita moja, chenye ubao wa kichwani na tao juu, kilichowekwa palepale kitandani pa mama. Mtoto alilala ndani yake. Mama akijigeuza, uzito wake uliangukia ubao. Shuka na blanketi ziliweza kufunika vyote viwili bila kumziba mtoto pumzi. Na kilichotufurahisha kuliko yote ni kwamba mbao za ubavuni zilikatwa mapengo, ili mama aweze kumnyonyesha bila kumtoa. Barua hiyo yasema kwamba kila mnyonyeshaji wa Firenze alilazimika kukitumia, na asiyekitumia alikabiliwa na adhabu ya kutengwa na Kanisa.

Kutengwa na Kanisa kwa sababu ya kitanda! Tunaweza kutabasamu. Lakini tuone kilichobadilika: hapo kale mama aliadhibiwa baada ya mtoto kufa, Firenze alipewa ubao kabla.

Tofauti hiyo imejirudia hata nje ya Kanisa. Mwaka 1892 daktari wa polisi wa mji wa Dundee, Uskoti, Charles Templeman, alitoa taarifa ya watoto wachanga 258 waliokufa kwa kukosa pumzi vitandani. Karibu nusu yao walikufa usiku wa Jumamosi kuamkia Dominika, na aliitaja pombe miongoni mwa sababu. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1908: aliyekwenda kulala akiwa amelewa, mtoto mdogo akafa kwa kukosa pumzi kitandani pake, ashitakiwe. (Wapendwa, hatuna haja ya kusafiri hadi Dundee kuujua usiku wa Jumamosi. Baba aliyetoka kilabuni asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Hilo halihitaji sheria ya Bunge.) Lakini wakati sheria ikifuatilia wazazi, wahudumu wa afya mitaani walikuwa wakiwafundisha akina mama maskini kugeuza makasha ya ndizi kuwa vitanda vya watoto. Kasha lilipatikana kwa bei ndogo sana, na mtoto akapata mahali pake.

Finland ilifanya hivyo kitaifa. Kuanzia mwaka 1938 akina mama wenye kipato kidogo walipewa msaada wa vitu vya mtoto, na mwaka 1949 ukawa wa kila mama, kwa sharti la kufika kwa daktari au mkunga kabla ya mwisho wa mwezi wa nne wa ujauzito. Vitu hivyo huja katika sanduku la karatasi ngumu lenye godoro dogo, na watoto wengi wa nchi ile wamelala usiku wao wa kwanza ndani ya sanduku hilo.

Sisi Watanzania tusidhani hayo ni mambo ya wenzetu tu. Wanaokumbuka Hati Punguzo, mpango ulioanza mwaka 2004, watakubali kwamba ulifanana na ule: mama mjamzito alifika kliniki, akapewa hati, akaipeleka dukani na kupata chandarua kwa bei nafuu. Mpango huo ulikwisha, na leo vyandarua hutolewa klinikini. Kwa nchi yenye malaria, chandarua ni sehemu ya kitanda cha mtoto sawasawa na mguu wa kitanda.

Na zamani zetu je? Mama mkwe wa kijana wetu hakulitoa neno lake hewani. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mzazi alilala na mtoto wake, na mume akalala kwingine kwa miezi mingi. Malazi yalikuwa ngozi, mkeka au kitanda cha kamba kilichokazwa. Mito haikuwa mingi. Mchana mtoto alikuwa mgongoni, katika mbeleko. Pwani walikuwa pia na susu, kitanda cha kubembea kinachoning'inizwa. Lakini sasa baba amerudi kitandani, kamba imeondoka, na badala yake kuna godoro la sponji linalobonyea katikati, ambako watatu hujikuta wameviringika pamoja. Desturi ya bibi imebaki, ila kitanda chake hakipo tena.

Naye bibi anatetewa na sayansi. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikosa mashine za kutosha za kuwapa joto watoto njiti, akaanza kuwaweka kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo sana walioanza huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Ukaribu wa mama ni dawa. Hatari ni usingizi wa mtu mzima juu ya godoro laini.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulipita upesi. Tangu katikati ya karne ya 20 waganga wamefahamu kwamba watoto wengine hufa usingizini bila kulaliwa na mtu yeyote. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, wala si kifudifudi, vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Maana yake ni nzito. Miongoni mwa akina mama waliofungishwa kwa mkate na maji, na miongoni mwa wale ambao Askofu Mkuu wa Mainz alitaka kujua kama washike chuma cha moto, walikuwamo ambao hawakumgusa mtoto. Hapa kwetu pia tumezika mtoto aliyekutwa asubuhi amekufa. Tulisikia minong'ono nyuma ya jeneza lile dogo, mama akiwa anaisikia, nasi tulimaliza sala tukaondoka bila kuikemea. Hilo tunaliungama hapa, kwa sababu hatukulisema siku ile.

Basi turudi kwenye mbao za mninga. Tulimwambia kijana kwamba mtoto alale chumba kimoja na wazazi, karibu na mama, juu ya malazi yake mwenyewe, kwa angalau miezi sita ya kwanza. Godoro liwe gumu kiasi, bapa, na lijaze fremu bila kuacha nafasi pembeni. Mto hauhitajiki, wala blanketi zito, wala mwanasesere. Fito zisiachane kupita sentimeta 6, kipimo ambacho Marekani imekishikilia tangu miaka ya 1970. Kopo la soda lisipenye. Chandarua kifunike kote na kichomekwe. Asipake rangi asiyoijua, maana mtoto atakuja kuitafuna. Na wanaonunua vitanda vya mitumba mjini wavitazame vizuri: vile vyenye ubavu unaoshuka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa, na kinachokataliwa huko chaweza kuonekana sokoni kwetu kikiwa na bei ya kuvutia.

Mtoto akizaliwa njiti, hayo yote yasubiri maelekezo ya hospitali. Itigi, katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspari iliyoanzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi mwaka 1989, wapo wauguzi watakaosema vizuri kuliko sisi.

Jana jioni tulipita kwa fundi. Kitanda kimefika magotini, bado hakijapigwa msasa, na kina harufu nzuri ya mninga mbichi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufika kabla yetu. Amekubali mjukuu alale humo, kwa sharti kwamba ubavu wa upande wa mama uachwe wazi, ili binti yake anyoshe mkono usiku bila kuamka. Fundi alikuwa akipima upya kimo cha miguu, ili godoro dogo na kubwa yawe sawa, na kutafuta namna ya kukifunga kitanda kidogo kwenye kikubwa kwa kamba ya katani ili pasibaki mwanya wa kumnasa mtoto. Tulimsimulia bibi kwamba Firenze nao walikata mbao zao mahali hapohapo. Hakushangaa hata kidogo.