Neno la Mungu na Mwenye Kulieleza

Katika siku za yubile tunahesabu ubatizo na ndoa, tunawakumbuka marehemu wetu. Lakini iko historia moja tusiyoizungumza kwa urahisi: namna tulivyoipokea Biblia, na namna Biblia hiyo hiyo inavyogawanya leo nyumba za wakristu. Baba anabaki katika Misa, mwana amehamia kikundi cha maombi, na kila mmoja ameshika aya yake kama fimbo. Ugomvi huu ulitoka wapi?

Ulianza mbali. Mwaka 1521, katika mkutano wa Worms kule Ujerumani, Martin Luther alikataa kukana vitabu vyake, akisema kwamba dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Mwaka uliofuata alitoa Agano Jipya katika Kijerumani. Lakini mwaka 1529, mjini Marburg, yeye na Zwingli, wenye kushika Kitabu kimoja, walishindwa kupatana juu ya Mwili wa Bwana katika Ekaristia. Ndiyo sababu Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, uliamuru kwamba mtu asitegemee akili yake peke yake hata kuyapotosha Maandiko kinyume cha imani ya Eklezya. Amri hiyo ilikuwa na haki. Lakini tukiri na kosa letu: mwaka 1564 Roma ilidai kwamba asiye padri apate kwanza ruhusa ya wakubwa, ndipo asome Biblia katika lugha ya kwao. Hivyo woga ukaingia, nao ukadumu.

Woga huo ulivuka bahari pamoja na wamisionere. Mapadri Weupe walipofika Mpala, kando ya Ziwa Tanganika, mwaka 1885, walileta Katekisimu na katekumenato ya miaka minne. Mwaka 1886 Frederick Arnot, Mprotestanti, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri; kwa Waprotestanti, kusoma Kitabu ndiko kulikuwa mlango wa imani. Wazee wetu walijua maswali na majibu ya Katekisimu kwa moyo, na imani yao ilikuwa mwamba, hatuwezi kuwadharau. Hata hivyo, Kitabu chenyewe kilikaa mikononi mwa padri.

Njaa ya Neno haikungoja. Mwaka 1921, kule Nkamba, Simon Kimbangu, mkatekista wa Wabatisti, alianza kuhubiri, na watu wakamkimbilia kwa wingi. Serikali ya kikoloni ilimfunga miaka 30, akafa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Gereza halikuzima swali: je, Mwafrika hawezi kulisikia Neno kwa masikio yake mwenyewe?

Eklezya nayo ilifungua mlango polepole. Mwaka 1943 Papa Pio XII aliwahimiza wataalamu kutafuta maana ya Maandiko kwa kuangalia nyakati na namna ya kuandika ya watu wa kale. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya ndogo za wakristu, zile tunazoziita shirika, ambamo majirani wanasoma Injili pamoja. Tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso wa Vatikano II ulitangaza kwamba njia ya Maandiko iwe wazi kwa waamini wote. Ulifundisha pia kwamba kuyaeleza kwa mamlaka ni kazi ya maaskofu pamoja na Papa, lakini mamlaka hayo hayako juu ya Neno, yanalitumikia.

Basi tumkumbuke yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume. Alikuwa na kitabu mkononi, akakisoma kwa sauti, asielewe, mpaka Filipo alipopanda garini. Filipo hakumnyang'anya kitabu, wala hakumwacha peke yake. Sisi tumekosa mara mbili: zamani tulikificha Kitabu, leo wengi wetu tunakisoma kila mtu pembeni, tukitafuta aya ya kumshinda jirani. Watoto wetu waliotoka, tusiwatupie mawe. Tujiulize kwanza kama tuliwalisha. Na katika shirika letu tuwatayarishie kiti, na Biblia iliyofunguliwa.

Bikira Maria, aliyeyatunza maneno yote moyoni mwake, atuombee.